Mimba Kubwa Kisiwani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Uchungu

Mwanamke wa Mpeketoni, Lamu ya bara, akishikwa na uchungu usiku huitiwa gari. Mwenzake wa visiwani, Kizingitini, Siyu au Ndau, watu wake huuliza kwanza maji ya bahari yamefika wapi. Ndiyo maana matayarisho ya uzazi visiwani hayaanzi na nguo za mtoto. Huanza na safari, na safari hiyo ipangwe mama akiwa bado anapanda ngazi mwenyewe, si akiwa ameshika ukuta.

Kliniki watakuandikia tarehe ya makadirio kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Ichukue kama makadirio tu, kwani watoto wachache sana huzaliwa siku hiyo hiyo. Kuanzia wiki ya 37 mtoto anaweza kuja wakati wowote. Sasa ilinganishe na mwezi wa angani. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne, kisha kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Anayetoka kisiwa cha Pate kuja Amu, mji wa Lamu, kwa njia ya Mkanda, mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, anajua maana yake: maji yakipwa, boti inakaa kwenye tope kati ya mikoko mpaka yarudi. Kupita nje ya Manda wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, si njia ya kumpitisha mwenye mimba.

Kwa hiyo nasema wazi: ukiwa na jamaa Amu, hamia kwao ifikapo wiki ya 37. Aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, mwenye presha, ambaye mtoto amekaa matako chini, au aliyetokwa na damu nyingi uzazi uliopita, asingoje hata wiki hiyo. Aende wakati ule waliomwambia kliniki, awe karibu na Hospitali ya King Fahd, iliyoko Amu. Najua si jambo jepesi. Nyumbani kuna watoto wengine, kuna mzee wa kuangaliwa, na kukaa kwa watu wiki tatu kunachosha. Basi hayo ndiyo ya kupangwa kwanza: nani atapika, mtoto mkubwa atalala kwa nani, mbuzi watafunguliwa na nani. Mara nyingi mama habaki kisiwani kwa kukosa nauli, hubaki kwa kukosa majibu ya maswali haya.

Ikiwa kuhama hakuwezekani, uliza zahanati yenu mapema: wanazalisha usiku? Wakishindwa wanampeleka mama wapi, na kwa chombo gani? Tafuta manahodha wawili, kwa sababu mmoja huenda akawa baharini. Bei ikubaliwe mchana, siku ya kawaida, si saa nane ya usiku watu wakiwa wamechanganyikiwa. Petroli iwekwe kando na isiguswe kwa uvuvi. Namba za simu ziandikwe kwa kalamu na zibandikwe ukutani, maana simu huzima chaji. Chombo kiwe na tochi na jaketi za kujiokolea, na wa kumsindikiza mama awe mtu asiyechafukwa na bahari.

Kuna jambo moja linaloniuma zaidi ya mengine, nalo ni ruhusa. Bwana yuko dago, kambi ya uvuvi, au kazini Mombasa, hapatikani kwa simu, na wazee nyumbani wanaogopa kuamua bila yeye. Saa zinakwenda. Bwana mwenye busara hutoa ruhusa mwezi wa nane wa mimba, mbele ya mama mzazi na mama mkwe: mke wangu akisema twende, mpelekeni, msiningoje. Na aache pesa mkononi mwa mke. Pia jueni kundi la damu la mama, na muwe na jamaa wawili wenye afya walio tayari kutoa damu ikihitajika.

Kuhusu malipo, SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Unaweza kujisajili kwa simu kupitia *147#, lakini kusajiliwa peke yake hakutoshi, mchango nao uwe umelipwa. Shughulikia hili mapema, na kitambulisho kikae pamoja na kijitabu.

Vitu vyenyewe havihitaji duka kubwa. Leso nne au tano kuukuu, laini, zilizofuliwa, kuanikwa juani na kupigwa pasi. Winda za mtoto, kofia, soksi, shuka jepesi, pedi kubwa, sabuni, kikombe, nguo ya kurudia nyumbani, chaja. Usitie kwenye mkoba wa nguo. Tia kwenye ndoo yenye kifuniko. Mawimbi hurusha maji ndani ya boti, na mtoto mchanga akivishwa nguo mbichi hupoteza joto upesi. Ukifika wodini, ndoo utaihitaji vilevile kwa kuoga na kufulia.

Mwili nao una mambo yake miezi hii. Lala kwa ubavu, mto kati ya magoti. Kiungulia hupungua ukila kidogo kidogo na usipolala mara tu baada ya chakula cha usiku. Usipunguze maji eti kwa sababu ya kwenda msalani kila mara, hasa kaskazi inapokuwa na joto kali. Vidonge vya kuongeza damu visiachwe kwa kuwa vinafunga choo. Kula mapapai na mboga. Lala ndani ya chandarua. Na Ramadhani ikikukuta, mwenye mimba anayehofia nafsi yake au mtoto ana ruhusa ya kula, atalipa baadaye.

Tumbo likikaza na kuachia bila mpango, kisha likatulia ukitembea au ukipumzika, bado. Likikaza kwa kufuatana, likazidi nguvu na vipindi vikakaribiana, ndio uchungu wenyewe. Lakini haya usiyangojee mpaka asubuhi: damu, hata bila maumivu; kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu; uso na mikono kuvimba ghafla; degedege; homa; chupa kupasuka, zaidi maji yakiwa ya kijani; na mtoto kupunguza kucheza. Hili la mwisho wengi hulichukulia poa kwa kuwa haliumi. Nenda siku hiyo hiyo.

Akizaliwa, anyonye ndani ya saa moja. Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano, yasikamuliwe yakamwagwa. Maji na asali visitiwe kinywani mwake. Asali ni hatari kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Kitovuni iwe dawa ya kloreksidini ya kliniki pekee, si majivu wala wanja. Machoni wanja usipakwe pia, kwani mwingine wa madukani una madini ya risasi.

Kukandwa baada ya kuzaa hakuna ubaya maji yakiwa ya vuguvugu, ila aliyepasuliwa asiguswe tumbo, na mwenye nyuzi asikalie maji ya moto. Somo wako, mwanamke anayekukanda, aambiwe haya kabla, kwa heshima, asije akajisikia anakosolewa mbele ya watu. Na arubaini isimfungie mama ndani asiende kliniki: anatakiwa kuonwa ndani ya siku mbili za mwanzo, tena wiki ya kwanza au ya pili, kisha wiki ya sita, ambapo mtoto huanza chanjo zinazofuata baada ya zile za kuzaliwa. Kabla ya kutoka hospitali, dai karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, na soma jina kabla hawajagonga muhuri.