Modemu ya USB na Linux: poti isipotokea, au ikitokea ikawa bubu

Umechomeka modemu kwenye laptopu na /dev/ttyUSB0 (faili la poti ya modemu) haionekani. Usianze kuilaumu draiva. Modemu nyingi za laini ya simu huhudumiwa na draiva `option`, na mara nyingi kerneli (kiini cha Linux) haijaiita kabisa.

Acha `sudo dmesg -w` ikitembea, chomeka modemu, kisha kwenye terminali nyingine andika `lsusb` na `lsusb -t`. Ya kwanza inakupa namba za mtengenezaji na bidhaa. Ya pili inaonyesha kila kiolesura kimeshikwa na draiva ipi. Ukikuta `usb-storage` peke yake, modemu bado inajifanya CD ya programu za Windows. Huawei kadhaa huamka zikiwa 12d1:1446. Zigeuze hivi:

`sudo usb_modeswitch -v 12d1 -p 1446 -J`

Namba ya bidhaa itabadilika, tuseme 1001 au 1506. Kama imeshageuka na bado violesura havina draiva, kerneli haiijui namba hiyo. Ifundishe, ukiweka namba zako:

`sudo modprobe option`
`echo "12d1 xxxx" | sudo tee /sys/bus/usb-serial/drivers/option1/new_id`

Ndiyo, ni `option1`, yenye 1 mwishoni. Wengi hukwama hapo. Mtego mkubwa zaidi ni kwamba `new_id` haichagui. `option` hukiacha kiolesura cha CD, lakini vingine vilivyo wazi hujinyakulia, hata kile cha mtandao ambacho kingefaa kwenda kwa `qmi_wwan`, draiva ya mtandao. Matokeo yake unapata ttyUSB ya ziada isiyojibu chochote, na wwan0 (kadi ya mtandao ya modemu) haipo. Kiachie kiolesura hicho (hapa basi 1, poti 2, kiolesura 4):

`echo -n 1-2:1.4 | sudo tee /sys/bus/usb/drivers/option/unbind`

Kisha ziandike namba zilezile kwenye `new_id` ya `/sys/bus/usb/drivers/qmi_wwan/`.

Poti ipo lakini iko kimya? Simamisha ModemManager, huduma inayoendesha modemu, kwanza (`sudo systemctl stop ModemManager`), maana huzishika poti na wewe ukaambiwa ziko bize. Fungua `sudo picocom /dev/ttyUSB0`, andika AT (amri ya msingi ya modemu), ubonyeze Enter. Usihangaike na kasi ya baud; kwenye modemu za USB kwa kawaida haina maana. Zijaribu poti zote, kwa kuwa ile ya uchunguzi haijibu AT.

Bado? Sasa ndipo draiva ichunguzwe. Kazi ya kusoma na kuandika iko ndani ya `usb_wwan`, kwa hiyo washa ujumbe wake:

`echo 'module usb_wwan +p' | sudo tee /sys/kernel/debug/dynamic_debug/control`

Ukikataliwa ilhali wewe ni root, angalia Secure Boot (ulinzi wa kuwasha kompyuta): huenda kerneli imejifunga.

Kinachomaliza ubishi ni usbmon, kifaa cha kerneli cha kutazama data ipitayo kwenye USB: `sudo modprobe usbmon`, halafu `sudo cat /sys/kernel/debug/usb/usbmon/1u` kwa basi la 1. Ukiona Bo (data inayotoka kwenda kwa modemu) imekamilika kwa 0 na Bi (inayorudi) hairudi na data, AT imefika na modemu ndiyo iliyonyamaza. Badala ya 0 ukiona namba ya kosa: -32 ni ncha iliyokwama, -110 ni muda kuisha. -71 mara nyingi ni waya au umeme: poti ya USB 2.0 inaahidi mA 500 tu, basi ondoa habu isiyo na umeme wake. Modemu ikizimika baada ya kukaa bila kazi, andika `on` kwenye `/sys/bus/usb/devices/1-2/power/control`.

`new_id` hufutika ukiwasha upya. Dawa ya kudumu ni mstari mmoja ndani ya `drivers/usb/serial/option.c`, wenye `RSVD(4)` kukilinda kiolesura cha mtandao. Utume kwa linux-usb, orodha ya barua pepe ya watengenezaji wa kerneli, pamoja na matokeo ya `usb-devices`.