Kulinda Wingi wa Maziwa ya Mama Baada ya Kurudi Kazini

Maziwa ya mama hutengenezwa kwa kadiri yanavyotolewa. Titi likikaa limejaa kwa saa nyingi, mwili hupunguza utengenezaji, na ndiyo maana mama aliyerejea kazini baada ya likizo ya uzazi ya siku 84 anaweza kuona maziwa yakipungua ilhali mlo wake haujabadilika. Mtori na uji vinamfaa mzazi, lakini havichukui nafasi ya kukamua.

Anza wiki mbili hivi kabla ya kurudi, ukikamua mara moja kwa siku baada ya mtoto kunyonya asubuhi, wakati ambapo matiti huwa na maziwa mengi zaidi. Akiba ya siku moja au mbili inatosha. Hakuna haja ya kujaza friza. Mtoto naye azoeshwe kunywa kwa kikombe kidogo, ambacho ni rahisi kusafisha kuliko chupa.

Kazini, kamua kila baada ya saa tatu hivi. Anayeondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi na mbili jioni kwa sababu ya foleni za Dar es Salaam anaweza kukamua saa tatu, saa sita na saa tisa. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama nafasi ya kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Kwa kuwa inazungumzia kunyonyesha, ni busara kukubaliana na mwajiri kwa maandishi, kabla ya kurudi, kwamba muda huo utatumika kukamua, na mahali penyewe pawe chumba chenye faragha, si chooni.

Nawa mikono, kisha kanda matiti taratibu. Kutazama picha ya mtoto husaidia maziwa kushuka. Ukikamua kwa mkono, weka kidole gumba na vidole vingine pembezoni mwa eneo jeusi linalozunguka chuchu, sukuma kuelekea kifuani, kisha bana bila kuburuza vidole juu ya ngozi. Ukitumia pampu, isikuumize: maumivu mara nyingi huonyesha kwamba mdomo wa pampu haulingani na chuchu au mvuto umezidi, na mvuto mkali hauongezi maziwa. Pampu ikimaliza, malizia kwa mkono, kwa sababu mara nyingi maziwa huwa bado yamo.

Katika joto lisilozidi nyuzi 25 maziwa hukaa saa nne, na Dar es Salaam mara nyingi huvuka kiwango hicho, kwa hiyo yatie mara moja kwenye friji, yanakoweza kukaa hadi siku nne, au kwenye kiboksi chenye barafu, kwa saa 24. Yapashe kwa kuweka chombo ndani ya maji ya uvuguvugu, kamwe si kwenye maikrowevu.

Usiku mnyonyeshe kila anapotaka, kwa kuwa homoni ya prolaktini, inayochochea utengenezaji wa maziwa, hupanda zaidi saa hizo. Siku za mapumziko weka pampu kando, umnyonyeshe mtoto moja kwa moja. Maziwa yakipungua, ongeza awamu moja ya kukamua kwa siku kadhaa mfululizo. Titi likiwa jekundu na lenye maumivu, ukapata homa, au uzito wa mtoto ukiacha kupanda kwenye kadi ya kliniki, nenda kituo cha afya bila kuchelewa.