Uvimbe wa kongosho: usikimbilie kisu kabla ya kuitafuta limfoma

Naandika mara moja hapa, maana kila wiki naulizwa: "CT skani imeonyesha uvimbe kwenye kongosho, apasuliwe lini?" Jueni kwanza ni uvimbe wa nini. Limfoma (saratani ya seli za kinga za limfu) inayoanzia kwenye kongosho ni nadra, haifiki hata 1 kati ya saratani 100 za kongosho, lakini inatibika kwa dawa na mgonjwa huweza kuepuka upasuaji mkubwa.

1. Papasa mitoki (tezi za limfu zilizovimba): shingoni, kwapani, kinenani. Ukipata mtoki, chukua kinyama hapo, yaani kipande kidogo cha kupimwa maabara.

2. Damu: picha kamili, LDH (kimeng'enya kinachopanda seli zikifa kwa wingi), VVU, homa ya ini B.

3. Tazama picha. Uvimbe mkubwa, mrija wa kongosho haujatanuka sana, mitoki imeonekana hadi chini ya usawa wa mishipa ya figo: ishuku limfoma.

4. Kinyama. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Usimpe deksamethasoni wala prednisoloni kabla! Seli za limfoma hufa upesi kwa steroidi, sindano inatoa tishu mfu, na majibu yanarudi "saratani haikuonekana" huku ugonjwa upo. Tumia sindano inayotoa kipande, si majimaji tu. Kipande kimoja kiende kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi tishu) kwa CD20 (alama ya seli B), CD3 (alama ya seli T) na Ki-67 (asilimia ya seli zinazogawanyika). Kingine kiende kibichi, siku hiyo hiyo, kwa flosaitometri, mashine inayosoma alama za seli hai moja moja. Kikizama kwenye formalini, kipimo hicho kimekufa. Na fomu iseme "limfoma?", isiishie "uvimbe wa kongosho".

MASWALI

— CA 19-9 (kipimo cha damu cha saratani ya kongosho) iko juu, basi si limfoma?
Hapana, bado yaweza kuwa limfoma. Nyongo ikiziba nayo hupanda. Rudi hatua ya 4.

— Mkuu, nimeshampa prednisoloni, maumivu yalimzidi.
Onyo liko hapo juu. Mweleze mpatholojia dozi na tarehe, usifiche, na kinyama kichukuliwe leo.

— Dokta, na watoto je?
Asante kwa kuuliza. Kwetu Afrika Mashariki shuku limfoma ya Burkitt, ambayo Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliiandikia mwaka 1958. Haikai tayani tu, huingia tumboni pia, kongosho likiwemo. Ki-67 hukaribia 100%. Kabla ya dawa, pima potasiamu, asidi ya yuriki na figo, na maji ya mshipani yaanze mapema, maana seli nyingi zikifa kwa pamoja figo huzidiwa.

— CD20 na CD3 zote hasi?
Vizuri umefika huko. Omba MPO, CD34 na CD117 (alama za seli changa za damu) na CD138 (alama ya seli za plazma). Lukemia ya mieloidi, saratani ya damu, huweza kutangulia kama uvimbe, damu ikiwa bado safi.

— Flosaitometri hatuna huku wilayani.
Kipande kizuri ndani ya formalini ya 10%, ujazo mara 10 ya kinyama, kinaanzisha kazi. Kisafirishwe kesho asubuhi, kisilale dirishani wiki nzima.