Kitufe cha SOS kwenye gari lako: nani anapokea ukiwa Dar, na ujipange vipi

Watu wakishatoa gari bandarini, swali huwa hilohilo: "Fundi, hiki kitufe cha SOS hapa juu karibu na taa ya ndani, nikikibonyeza nani anapokea?" Ni kitufe cha kuitia msaada wa dharura. Kwa magari mengi ya mtumba yanayozunguka mjini hapa, jibu ni kwamba hakuna anayepokea. Lakini usikate tamaa mapema. Yapo mambo ambayo gari linafanya lenyewe, na yapo unayoweza kuyapanga kwa gharama ndogo.

Hatua ya 1: Jua gari lako lilitengenezwa liongee na nani

Wengi wanadhani SOS inaongea na setilaiti. Setilaiti inaliambia gari liko wapi tu. Ujumbe wenyewe unatoka kwa mtandao wa simu, kupitia kiboksi kilichofichwa ndani chenye laini yake.

Gari la soko la Japani, mfano Crown, Harrier au Alphard, linapiga kituo cha huduma inayoitwa HELPNet. Huduma hiyo ni ya Japani, na ni ya mwenye mkataba. Mjapani aliyeuza gari hakukuachia mkataba wake. Tena magari ya miaka ya nyuma yalikuwa na laini za 3G, na kampuni ya KDDI, ambayo laini zake zilitumika kwenye Toyota nyingi, ilizima 3G mwezi Machi 2022. Kiboksi cha namna hiyo hata ukikirudisha Tokyo hakina wa kuongea naye. Ni kama redio ya gari hilohilo inayoishia 90 FM: si mbovu, imetengenezwa kwa ajili ya kwao. Tofauti ni kwamba redio unaifungia ekspanda, kifaa cha kuifanya ishike stesheni zetu, maisha yanaendelea, SOS haina ekspanda.

Gari la Ulaya au Uingereza ni habari nyingine kidogo. Kuanzia tarehe 31 Machi 2018, aina mpya za magari madogo katika Umoja wa Ulaya lazima ziwe na mfumo wa eCall. Mifuko ya hewa ikifyatuka, gari linapiga 112 lenyewe na kutuma saa ya ajali, mahali lilipo, lilikuwa linaelekea wapi, namba ya chesi na aina ya mafuta. 112 ni namba ya polisi hapa kwetu pia, lakini taarifa hizo zinahitaji kituo chenye mtambo wa kuzisoma. Usiutegemee. Na usibonyeze kwa kujaribu, maana simu ikitoka ni ya dharura kweli.

Kama umenunua gari jipya kwa wakala hapa nchini, muulize akuandikie: huduma inafanya kazi Tanzania? Anayepokea anaongea Kiswahili? Inaisha lini? Akianza kuzungukazunguka, hesabu kwamba haipo.

Hatua ya 2: Soma taa ya kitufe

Washa swichi bila kuwasha injini, subiri kidogo, tazama kataa kadogo pembeni ya kitufe. Kwa kawaida kijani ni tayari, nyekundu ni hitilafu, na bila taa yoyote ina maana mfumo haujaunganishwa. Magari mengi ya Japani hapa yako kundi la tatu. Ukiona nyekundu kwenye gari la Ulaya, mara nyingi ni betri ndogo ya akiba ya kile kiboksi imechoka. Usimruhusu mtu akuuzie kiboksi kipya ili tu taa ipotee kwenye dashibodi, huku huduma yenyewe haipo.

Hatua ya 3: Jua gari linachofanya bila mtandao

Kwenye magari mengi ya kisasa, likigongwa kwa nguvu, pampu ya mafuta inakata, milango inajifungua loki, na mengine yanawasha hazadi. Hayo hayahitaji laini ya simu. Ila mtu akishaingiza mkono kwenye waya za mifuko ya hewa ili kuzima taa ya dashibodi, hayo yote yanaweza kufa pamoja. Nikikuta taa hiyo imezimwa kwa kukatwa balbu, gari hilo silisifii hata likiwa na rangi nzuri kiasi gani.

Toyota ikigongwa kidogo na kugoma kuwaka, kagua kwanza chini kama mafuta yanavuja. Kukiwa salama, zima swichi kabisa kisha washa upya. Mara nyingi pampu inarudi.

Hatua ya 4: Tengeneza SOS yako

Traka nyingi za GPS (vifaa vya kufuatilia gari lilipo) zinazofungwa hapa mjini zina waya wa SOS ambao mafundi wengi wanaukunja na kuufunga tepu. Mwambie fundi wako autoe nje autumie. Aweke kitufe mahali mkono wa dereva unafika hata mkanda ukiwa umefungwa, si ndani ya dashibodi. Kisha weka kwenye traka namba za watu wawili wanaoamka usiku, maana mwenye kuzima simu saa tatu hakufai.

Tatizo kubwa ni laini. Traka ikiishiwa salio, kitufe kinabaki pambo. Laini iwe imesajiliwa kwa alama za vidole zako, si za fundi, na ujaribu kitufe kila unapobadilisha oili.

Hatua ya 5: Simu ya mkononi

Kwenye Android nyingi za karibuni, washa SOS ya dharura kwenye mipangilio ya usalama, kisha kitufe cha kuwashia ukikibonyeza mara 5 haraka kinaanza kupiga. iPhone 14 na kuendelea zina uwezo wa kutambua ajali ya gari zenyewe. Jaza pia kundi la damu na namba ya ndugu vionekane bila kufungua loki.

Hatua ya 6: Ukipiga, sema hivi

Polisi ni 112, Zimamoto na Uokoaji ni 114. Mtu akiwa amebanwa kwenye vyuma, anza na 114. Taja kituo cha daladala na upande: "Ajali Morogoro Road, Kimara Temboni, upande wa kwenda Kibaha, magari mawili, majeruhi watatu, mmoja amebanwa." Upande ni muhimu mno pale. Barabara ni pana, na gari likija upande usio wako linatafuta pa kugeuzia huku wewe unaliona. Kukiwa na majeruhi, usisogeze magari kabla trafiki hajapima, isipokuwa kuna moto au hatari nyingine. Majeruhi atahitaji PF3, fomu ya matibabu kutoka polisi.

Hatua ya 7: Brekidauni (gari la kuvuta)

Ukiwa na bima kubwa, soma leo kama inalipia kuvutwa na hadi kiasi gani. Bima ndogo haikugusi hapo.

Fungua buti, tafuta pete ya kuvutia karibu na jeki na tairi la spea. Ni chuma kizito chenye nyuzi za skrubu upande mmoja. Kwenye bampa kuna kifuniko kidogo cha plastiki, kibanue, ndani kuna tundu. Fungia pete kwa mkono kwanza, kisha ikaze kwa spana ya tairi. Volkswagen na Audi inakaza kwa kugeuza kinyume, na watu wanaharibu nyuzi kwa kulazimisha.

Betri ikiwa imekufa na gia ni otomatiki, kwenye Toyota nyingi kuna kifuniko kidogo karibu na gia kilichoandikwa SHIFT LOCK. Kitoe, bonyeza ndani kwa ncha ya ufunguo huku umekanyaga breki, gia itaingia N. Haibridi na gari la kuvuta tairi zote nne libebwe na brekidauni ya kubeba gari zima juu, si ya kuburuza.

Patana bei na mahali pa kushushia kabla ndoano haijagusa gari. Piga picha pande zote nne na odometa, toa kadi ya gari, kisha ndio umruhusu apandishe.