Kabla hamjaitisha mchango: mambo ya kupanga mapema kwa vikundi vidogo vya Mombasa

Mwaka tulioitisha mchango wa tangi la maji la chekechea yetu huku Kisauni tuliweka namba ya simu ya mweka hazina, kwa sababu ndo ilokuwa karibu. Siku ya kwanza watu wakatuma, huyu 200, huyu 500, mmoja akatoa 1,000, jioni tukamuuliza dada yetu zimefika ngapi akanyamaza kimya. Alikuwa na deni la fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, na fuliza haijui hii ni sadaka ya watoto, pesa ikiingia tu kwenye laini deni lajikata lenyewe. Alikuja kuzilipa zote kutoka mfukoni mwake, hakuiba hata ndururu, lakini maneno yalikuwa yashafika mtaa wa pili, na mwaka uliofuata watu wale wale wakawa watusalimia vizuri tu na hawatumi kitu.

Kwa hivo kabla ya posta za kubandika, kabla ya fulana, kabla ya kumtafuta mtu wa kushika maiki, pateni akaunti ya benki yenye jina la kikundi, iwe na watia saini watatu na pesa isitoke bila wawili, kishapo muombe benki namba ya Paybill, ile ya watu kulipia kwa M-Pesa pesa ziingie kwenye akaunti moja kwa moja. Laini ya mtu ya M-Pesa hata hivyo haishiki zaidi ya 500,000, lakini tatizo kubwa si hilo, tatizo ni kwamba mtu akituma anaona jina la mtu, si la kikundi. Na musidhani akaunti ni kazi ya asubuhi moja. Benki itataka cheti cha usajili, katiba, minitsi za mkutano mlioamua kufungua akaunti, vitambulisho na PIN za KRA, zile namba za kodi, na hapo kila mara kuna mmoja ambaye kitambulisho chake kimepotea tangu lini, basi anzeni miezi miwili kabla.

Usajili wenyewe, kikundi kidogo cha mtaa chaenda kwa ofisi ya maendeleo ya jamii chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya 2022, mnatakiwa muwe watu 10 au zaidi. Kuna ile sheria nyingine ya mashirika ya manufaa ya umma, PBO, ya 2013 lakini ikaanza kazi 14 Mei 2024, hiyo ikachukua nafasi ya ile ya NGO ya 1990. Kama kazi yenu ni chekechea moja sioni haja ya kukimbilia huko. Na kama mwapanga kuzunguka na ndoo Kongowea au kusimama pale feri Likoni, jueni kuchangisha hadharani kwataka leseni, muanze kuulizia kwa chifu mapema.

Halafu hesabu. Mtu akiuliza "mwataka ngapi?" musimjibu "chochote utakachojaliwa", hilo jibu lampa ruhusa ya kutoa hamsini. Chukueni kotesheni za maduka matatu, muandike kila kitu: tangi la lita 5,000, mifereji ya kwenye paa, mabomba, fundi, gari la kubeba, na ile makato ya kutoa pesa. Sisi tulisahau msingi wa kuliweka tangi juu, likakaa mchangani wiki sita huku mwalimu bado ananunua maji ya mtungi kwa mkokoteni, na kila mzazi akipita anauliza, kwani hili ni la urembo?

Hapa kwa watu wa kuombwa ndo wengi twaharibu. Kila mwanakamati akae na daftari aandike watu 20 ambao akiwapigia simu watashika, si watu anaowajua kwa sura, nasema watakaoshika. Muwapigie hao kwanza, kimya kimya, mpaka mpate kama nusu ya hesabu yenu, ndo posta itoke. Hakuna apendaye kuwa wa kwanza kwenye bakuli tupu, lakini likishakuwa na kitu kila mtu anataka kuongeza. Proposali za wafadhili wa nje andikeni, sikatai, ila huchukua miezi na wengi wataka hesabu zilizokaguliwa za miaka ya nyuma, na nyinyi bado mwaandika kwenye kalenda ya ukutani. Na mheshimiwa kama mgeni rasmi? Julai 2024 rais alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki harambee, na hata zamani ahadi nyingi zilizotangazwa kwenye maiki zilibaki hapo hapo kwenye maiki. Ahadi iandikwe ukurasa wake, isichanganywe na taslimu.

Wakati pia. Januari ni ya ada, usimsumbue mtu. Aprili mpaka Juni mahoteli ya Nyali na Bamburi yanakuwa matupu na vibarua wapo nyumbani, sasa kama nusu ya mtaa wenu wafanya kazi hotelini mwamuomba nani? Ramadhani watu hutoa sana, lakini uliza hii ni sadaka au ni zaka. Zaka ina watu wake, mafungu manane yaliyotajwa katika Suratu Tawba, si ya kulipia kodi ya ofisi wala stima, na mwenye kuitoa akija kugundua mmeinunulia viti harudi tena. Daftari mbili, tafadhali, na kama hamjui swali linapoangukia mumuulize sheikh kabla hamjaipokea.

Picha za watoto: mzazi akubali, kwa maandishi, sheria ya data ya 2019 ipo. Mimi picha za mtoto analia sizitaki hata kama zinaleta pesa, mtoto huyo atakua na atakaa mtaa huu huu.

Mwisho, siku moja kabla, mtu mmoja atume shilingi kumi kwa ile Paybill na namba ya akaunti vile vile kama zilivyo kwenye kadi za mchango, muone zimefikia wapi. Sisi tulifanya hivo saa mbili usiku, kadi 150 zishachapwa, zile kumi hatukuziona kwenye akaunti yetu manake tarakimu moja ilikuwa imekosewa, tukakaa barazani na kalamu mpaka karibu alfajiri twarekebisha moja moja.