Namna ya kupanga na kuchambua jaribio la kupokezana dawa: mfano wa pumu mjini Goma

Katika jaribio la kupokezana, kila mgonjwa hutumia dawa zote mbili, moja baada ya nyingine, hivyo analinganishwa na nafsi yake mwenyewe wala si na mtu mwingine, na ndiyo maana wagonjwa wachache hutosha. Mpango huu unafaa magonjwa ya kudumu yaliyotulia, kama pumu au shinikizo la damu. Malaria haifai: aliyepona katika kipindi cha kwanza hana cha kutibiwa katika cha pili.

Gawa wagonjwa kwa kura, kundi moja lianze na dawa A kisha B (kundi la AB), lingine B kisha A (kundi la BA). Kati ya vipindi acha muda wa mwili kusafika. Wengi hutumia nusu-maisha tano za dawa (nusu-maisha ni muda wa dawa iliyomo mwilini kupungua kwa nusu), ambazo hubakiza takriban asilimia 3 tu mwilini, lakini hesabu hiyo peke yake hudanganya, kwa sababu dawa ya kuvuta kama beklometasoni hutoka mwilini upesi ilhali nafuu yake katika mirija ya hewa huendelea. Muda huo usimwache mgonjwa akihema. Mruhusu salbutamoli, dawa ya kuvuta inayofungua mirija ya hewa haraka, na uandike kila mara anapoivuta.

Uchambuzi usisahau msimu. Kipindi cha kwanza kikiangukia mvua za Aprili na cha pili kiangazi cha Julai, vumbi jeusi la mawe ya volkano ya Nyiragongo litashusha pumzi za wote, dawa iwe ipi. Kwa kila mgonjwa, toa kipimo cha kasi ya pumzi anayopuliza kwa nguvu katika kipindi cha pili kutoka kile cha kwanza. Tuseme wastani wa tofauti hiyo ni litri 30 kwa dakika katika kundi la AB, na −10 katika la BA. Tofauti ya wastani hizo, 40, gawa kwa 2: A inaizidi B kwa litri 20. Jumla ya wastani hizo, 20, gawa kwa 2: msimu umechangia litri 10. Uhakika wa jibu hupimwa kwa jaribio la t, kipimo cha kitakwimu cha kulinganisha wastani, kati ya makundi hayo mawili.

Mwaka 1965 mwanatakwimu Grizzle alipendekeza kupima kwanza mabaki ya dawa, yaani athari ya dawa ya kwanza inayoendelea hadi kipindi cha pili, na yakionekana, kutumia kipindi cha kwanza pekee. Mwanatakwimu mwingine, Freeman, alionyesha mwaka 1989 kwamba njia hiyo huzidisha makosa; mimi naiacha kabisa. Mabaki huzuiwa wakati wa kupanga.

Mwisho, fupisha vipindi kadiri dawa inavyoruhusu, maana familia ikihama kabla ya kipindi cha pili, ulinganisho wa mgonjwa huyo umepotea.