Boga la mtoto liive kwa jasho lake

Genge langu liko Chikongola, hapa Mtwara mjini. Mteja akisimama na mtoto mgongoni, anapapasa maboga na hanunui, najua swali linalokuja: "Mama, lipi linamfaa huyu? Kafikisha miezi sita." Namchagulia. Ila kabla hajafunga kitenge chake vizuri namuuliza na mimi: utalipikaje?

Maana kinachoharibu chakula cha mtoto huku kwetu ni maji. Boga linachemshwa kwenye maji ya kufurika, linatiwa kwenye blenda na maji mengine ili kisu kizunguke, linatoka kitu cha kunywa. Mtoto anajaa tumbo, saa moja haijaisha analia njaa, na nyumba nzima inasema huyu ana tumbo la shimo. Hana. Tumbo lake ni dogo, na kila kijiko cha maji kinakalia nafasi ya kijiko cha chakula. Nitakayoyaeleza yote yanazungukia hapo.

Kwanza umri. Ni miezi sita kamili. Kabla ya hapo ni ziwa la mama tu, hata maji hapana, hata kwenye joto la Januari. Mabibi wenzangu mnisamehe, najua uji wa miezi mitatu tuliupewa na tuliutoa, lakini kulia usiku hakumaanishi mtoto anaomba uji. Mtoto aliye tayari unamwona: shingo imekaza, anakaa ukimwegemeza, anafuata tonge lako kwa macho mpaka mdomoni, na ukimgusisha kijiko ulimi hausukumi nje kila kitu. Aliyezaliwa njiti, waulize kliniki wakuhesabie. Na kunyonyesha hakukomi siku boga linapoingia. Mnaendelea mpaka miaka miwili na zaidi. Miezi hii ya mwanzo mpe ziwa kwanza, kijiko kifuate.

Sasa boga lenyewe. Chukua lililo zito kuliko linavyoonekana. Bonyeza ganda kwa ukucha. Ukizama, ni changa, nalo boga changa ni maji matupu, lipikie futari ya wakubwa. Kikonyo kiwe kimekauka. Ukinunua kipande, tazama nyama: njano iliyokolea kuelekea chungwa ndiyo unayoitaka, na isiwe na utelezi pale mbegu zilipokuwa. Mvua zikiisha, kuanzia mwezi wa tano hivi, maboga yanajaa sokoni na bei inakuwa ya kirafiki. Boga lililokomaa vizuri, lisilo na jeraha, linakaa kivulini wiki nyingi bila friji, kwa hiyo ukilipata la bei nzuri usiogope kuchukua zima.

Osha mikono kwa sabuni, ya kwako na ya mtoto pia, maana atataka kuchovya. Osha boga kabla ya kulikata, kwani udongo wa nje unaingia ndani na kisu. Menya, toa mbegu (zianike, uzikaange, ule wewe unayenyonyesha), kata vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Kwa mtoto mmoja kwa siku, kipande cha ukubwa wa kiganja chako kinatosha na kubaki.

Weka vipande kwenye sufuria ndogo, tia maji ya kulowesha kitako cha sufuria tu, vijiko vichache, funika vizuri, weka kwenye jiko la mkaa usiokolea. Mimi ni mtu wa Newala, kule juu maji tulikuwa tunayanunua kwa ndoo, na boga tulilipika hivyo kwa sababu hakukuwa na namna nyingine. Linaiva kwa jasho lake. Baadaye nimekuja kuambiwa na muuguzi kwamba maji mengi yanaondoka na vitamini zake, hasa yakimwagwa. Basi umaskini wetu wa maji ulikuwa unatulisha vizuri. Baada ya dakika kumi na tano au ishirini chomeka kijiko. Kikizama bila kusukumwa, limeiva. Maji yaliyobaki chini usimwage.

Kuponda, ponda kwa mwiko humo humo likiwa moto. Kisha lipitishe kwenye chujio la waya kwa kuligandamiza na mgongo wa kijiko, ndipo nyuzi zinabaki juu. Kinu na mchi vinafaa kama ni safi na havijatwanga pilipili wala kitunguu saumu. Harufu ya kinu haitoki kirahisi. Blenda sina ugomvi nayo, ila iambie nani mkubwa. Ikigoma kuzungusha, usiiongezee maji, zima, koroga kwa kijiko, washa tena.

Hapo pima uzito. Chota kijiko, kiinamishe. Rojo likikimbia kama chai, limeharibika kwa kazi yetu. Rudisha jikoni likauke, au liongezee kiazi. Likianguka polepole, au likashikilia kidogo kabla ya kuanguka, umepata. Likiwa gumu mno kwa mtoto anayeanza, lilainishe kwa maziwa yako uliyoyakamua, kijiko kimoja kimoja, au kwa yale maji ya chini ya sufuria. Maziwa ni bora, yana nguvu, na mtoto anakuta ladha anayoijua.

Halafu tui. Kwa nusu kikombe cha rojo, kijiko kimoja cha chai cha tui la kwanza, lile zito kabla hujaongeza maji ya kukamulia la pili. Tia, acha vichemke pamoja dakika mbili tatu, epua. Ile njano ya boga ndiyo mwili unayoigeuza kuwa vitamini A, na bila mafuta haifyonzwi vizuri. Pia mafuta yanaongeza nguvu bila kuongeza ujazo, na tumbo la mtoto ni lile lile dogo. Sisi wa pwani ya kusini nazi tunayo uani. Sioni kwa nini mtu ahangaike na vikopo vya dukani.

Kama huna nazi, korosho au karanga iliyosagwa mpaka ikawa laini kabisa, nusu kijiko, inafanya kazi hiyo. Hapa simama na uchague punje moja moja. Iliyosinyaa, yenye ukungu, yenye ladha chungu, tupa, usimpe hata kuku. Sumu ya ukungu haitoki kwa kukaanga wala kuosha. Iliyo nzuri mpe asubuhi mara ya kwanza, kidogo kwenye ncha ya kijiko, umwangalie mchana kutwa. Midomo ikivimba, mwili ukitoka mabaka, akatapika mfululizo au akapumua kwa shida, ni hospitali saa hiyo hiyo. Korosho nzima na karanga nzima usimpe mtoto wa chini ya miaka mitano, zinakaba, na msimu wa korosho zinazagaa kila sakafu.

Siku za kwanza ni vijiko vya chai viwili au vitatu, mara moja au mbili kwa siku. Kaa na boga siku mbili tatu kabla hujaleta kitu kipya, ili likitokea la kutokea umjue mhusika. Atakunja uso. Atatema. Hiyo si kukataa, ni kushangaa. Mtoto anaweza kuhitaji kuonjeshwa kitu mara nane au kumi ndipo akikubali kitu hicho. Usimzibe pua, usimlaze chali ukamimina kwa kiganja kama tulivyokuwa tunafanya na uji, chakula kinaweza kuingia njia ya hewa. Mkalishe, mtazamane, msubiri afungue mdomo. Akigeuza uso mara mbili, tosheka. Na kinyesi kikitoka rangi ya chungwa usinipigie simu usiku, ni boga.

Wiki ya pili wengi wanarudi gengeni kuniuliza karoti. Karoti ni nzuri, pika vivyo hivyo, inachukua muda zaidi. Viazi lishe, vile vya ndani rangi ya chungwa, kwangu vinashinda karoti kwa sababu vinashibisha na havihitaji sukari ya kumdanganya mtoto. Mchicha na matembele chukua majani machanga, osha maji mara kadhaa mchanga uishe, kata kata mpaka yawe unga, chemsha kidogo, changanya kwenye kiazi au boga. Rojo la majani pika la kula muda huo huo. Bamia na mlenda vinateleza vizuri kooni lakini peke yake ni vyepesi, vinahitaji mwenzao mzito. Kisamvu mimi simuanzishii mtoto. Kinataka kutwangwa na kuchemshwa muda mrefu sana ili sumu yake itoke, na mwenye haraka atakosea. Muhogo, kama utampa, uwe ule mtamu unaoujua shamba lilikotoka. Mchungu haukai karibu na sufuria ya mtoto.

Lakini boga, karoti na majani, hata ukivizungusha mwezi mzima, havitoshi, na hapa ndipo ninapowashika wateja wangu mkono wasiondoke. Mtoto anazaliwa na akiba ya madini ya chuma. Ikikaribia miezi sita akiba inaisha, na maziwa ya mama yana kidogo tu. Mboga zenye rangi nzuri haziijazi. Kwa hiyo boga likishakubalika, usikae wiki tatu ukilipamba, mpe mwenzi.

Mwenzi wa kwanza ninayemtaja ni mbaazi. Kusini hii ni mbaazi kila shamba, na nyingi zinapanda meli kwenda India. India ilipobana uagizaji mwaka 2017 bei ilianguka vibaya na watu wakaanza kuziona si kitu. Jikoni kwa mtoto thamani yake haikushuka. Loweka usiku, mwaga maji, chemsha kwenye maji mapya mpaka zipasuke zenyewe, kisha zigandamize kwenye chujio ili maganda yabaki. Utapata uji mzito wa rangi ya maziwa. Sehemu mbili za boga, sehemu moja ya mbaazi, tui lako, basi. Baada ya kula mpe vijiko viwili vya maji ya chungwa au embe bivu lililopondwa, vinasaidia chuma cha mbaazi kufyonzwa.

Chuma cha nyama kinafyonzwa kirahisi zaidi. Maini ya kuku, kipande kidogo mara moja kwa wiki, yachemshwe yaive mpaka ndani, yapondwe ndani ya boga. Dagaa wasio na chumvi, watoe vichwa, waoshe mchanga, wakaushe kwenye kikaango, watwange, chekecha. Kijiko kimoja cha chai cha unga huo kwenye rojo. Samaki mbichi wa Feri, soko letu la samaki, ni baraka yetu, ila mchambue kwa vidole, si kwa macho, maana mwiba unaonekana na vidole kwanza. Ng'onda na samaki wa chumvi waacheni wakubwa. Yai liive kabisa, jeupe na kiini.

Mtaona sijataja unga wa lishe wenye nafaka saba, karanga na dagaa humo humo. Siupendi. Karanga na dagaa ndani ya unga vinaharibika upesi kwenye joto letu, na mtoto akipata mabaka hujui umlaumu nani kati ya hao tisa. Saga nafaka moja au mbili, vingine ongeza kwenye sufuria.

Chumvi, sukari, asali: hapana mpaka mwaka upite, na asali kabisa kabisa, kwani inaweza kubeba vijidudu vinavyomlegeza mtoto mwili mzima. Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kabla ya mwaka. Chai, hata ya rangi, inazuia chuma ulichokihangaikia. Maji ya kunywa yaliyochemshwa sasa anaweza kupata, kwa kikombe kidogo. Chupa ya chuchu ni ngumu kuosha na vijidudu vinaipenda.

Kuhusu kuhifadhi, joto la Mtwara halina subira. Pika kidogo. Rojo lisikae mezani zaidi ya saa mbili, na siku za jua kali hesabu saa moja. Kilichoguswa na kijiko chenye mate yake maliza wewe au tupa. Kwenye friji siku moja, na kama umeme wa mtaani kwenu unakatika katika, usiweke kabisa. Kupasha ni mpaka litoe mapovu, kisha lipoe, lipime joto kwa mgongo wa mkono. Kwa mama anayekwenda kazini, usimwachie dada rojo kwenye chupa ya chai kuanzia asubuhi. Uvuguvugu ule ndio vijidudu wanautaka. Mwachie boga zima na mbaazi zilizochemshwa kwenye friji, umfundishe kulipika na kuponda. Dada anayejua kupima kwa kijiko kilichoinama anakutosha.

Akifika miezi minane acha kuchuja, mpondee tu kwa uma, abaki na vidonge vidonge vya kutafuna kwa fizi. Milo iwe miwili au mitatu, nusu kikombe kila mmoja. Miezi tisa kumi mpe kipande laini ashike mwenyewe, na milo iwe mitatu au minne. Wapo wanaosaga kila kitu mpaka mwaka, halafu wanashangaa mtoto anakwamisha wali. Na wakati huo hana haja ya sufuria yake tena: futari ya boga ya nyumbani ikiiva, chota fungu lake kabla hujatia chumvi na pilipili, liponde, kisha endelea kuwaungia wengine.